Diwani Hana Fungu la Shule

"Diwani wetu hajatuletea hata darasa moja." Nimeisikia tena wiki hii, na nimechoka nayo. Inasemwa kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji, inasemwa sokoni Mwandiga, inasemwa Kasulu na Kibondo, hapa mkoani Kigoma. Kila inaposemwa, wananchi wanajivua madaraka yao na kumvika mtu asiye nayo.

Diwani hana fungu. Hasaini malipo, afisa masuuli wa halmashauri, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha, ni mkurugenzi. Diwani ana kura moja kwenye Baraza la Madiwani, ana uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ana mdomo. Mdomo huo unahitaji karatasi mkononi. Karatasi yenyewe ni muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mara nyingi haipo, au ipo lakini haisemi kitu.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, imeufanya Mkutano Mkuu kuwa mamlaka ya juu kabisa kijijini. Mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25, inatekeleza mliyoamua ninyi. Mtendaji ni mwajiriwa, kazi yake ni kuandika na kusimamia. Mambo ya mitaa ya mjini yana utaratibu wake, siyagusi leo.

Sasa tazama kinachoandikwa kwenye daftari: "Wananchi waliomba serikali iwasaidie madarasa. Mwenyekiti alisema ombi limepokelewa." Hapo hakuna azimio. Hakuna idadi, hakuna mwaka, hakuna anayefanya nini. Afisa mipango akiisoma hana pa kuiweka, na diwani akisimama nayo kwenye baraza ataulizwa maswali matatu tu kisha akae chini.

Azimio linaandikwa hivi:

"Mkutano Mkuu umeazimia yajengwe madarasa 3 katika shule yetu ya msingi kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai. Wanafunzi ni 900, madarasa ni 6, sawa na wanafunzi 150 kwa darasa. Kiwango ni 45. Kijiji kitatoa mawe, mchanga, tofali za kuchoma na nguvu kazi hadi usawa wa renta. Halmashauri ya wilaya iombwe kupaua, sakafu, milango na madirisha. Msimamizi ni Kamati ya Huduma za Jamii. Walioafiki 212, waliopinga 9."

Nyuma yake inafuata orodha ya mahudhurio: namba, jina, kitongoji, sahihi au dole gumba. Msiwafiche waliopinga. Muhtasari usio na hata mpinzani mmoja kwa jambo la michango unatiliwa shaka, na una haki ya kutiliwa shaka.

Kwa hesabu hiyo upungufu ni madarasa 14. Mbona tumeandika 3? Kwa sababu halmashauri inapangiwa ukomo wa bajeti, na ombi la madarasa 14 kutoka kijiji kimoja linafyekwa lote. Andika 14 kama mahitaji, andika 3 kama azimio la mwaka huu. Na vyoo visisahaulike: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Shule hiyo ikiwa na wasichana 460 na wavulana 440, inahitaji matundu 23 na 18. Choo kikikosekana, binti aliyevunja ungo ndiye anayelipia, kwa kubaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi.

Wakati nao unaua maombi mengi. Bunge la bajeti linaanza Aprili. Baraza la halmashauri hupitisha makisio yake kati ya Januari na Februari. Kata inakuwa imeshakusanya vipaumbele kabla ya hapo. Kwetu Kigoma mvua zinaanza Oktoba, na Novemba watu wako shambani na mahindi na maharage. Kwa hiyo mkutano wa robo ya Julai hadi Septemba ndio wa kuazimia shule. Azimio la Machi, hata liandikwe vizuri vipi, limekosa basi la mwaka huo.

Kuhusu michango, kuna wanaosema elimu bila malipo imeikataza. Ilianza Januari 2016 na kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 zinafika shuleni, 4,000 ni za vitabu. Kwa wanafunzi 900 shule inapata 5,400,000. Kukamilisha boma moja la darasa, yaani kuta zilizopanda bila kuezekwa, serikali imekuwa ikitoa milioni 12.5, na fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilikadiria milioni 20 kwa darasa zima. Ruzuku haijengi. Lakini mchango ni wa hiari na ni wa kaya, hauhusiani na mwanafunzi. Anayekusanya ni serikali ya kijiji, kwa stakabadhi, si mwalimu mkuu. Wajane na wazee wasiojiweza wasamehewe kwa majina ndani ya muhtasari uleule. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu baba hajatoa tofali ameonewa, na hakuna azimio linaloweza kuhalalisha hilo.

Hapa nina mashaka yangu, na sitayaficha. Fedha za kukamilisha zinafuata maboma. Kijiji chenye kahawa kama vya Kalinzi kinapandisha boma haraka. Kijiji maskini cha bondeni kinabaki na msingi ulioota majani miaka minne. Anayehitaji zaidi anapata baadaye. Sijaona njia ya kulimaliza hili kijijini. Ni jambo ambalo madiwani wanapaswa kulipigania kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na hilo ndilo la kumdai diwani. Shaka ya pili ni kina mama: wanahudhuria, wanasaini, hawasemi. Muhtasari safi unaweza kuwa sauti ya wanaume watupu.

Eneo la shule nalo liwe na muhtasari wake, wenye mipaka na sahihi ya aliyelitoa pamoja na warithi wake, maana wajukuu hurudi. Mgogoro ukizuka, msitarajie hukumu kutoka Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kwenye ardhi linasuluhisha tu; siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mkishamaliza, toeni nakala tatu. Moja ibaki kwenye jalada la kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa diwani mkononi. Kila anayepokea aandike "imepokelewa", tarehe na sahihi kwenye nakala yenu. Baraza linakaa kila robo mwaka, na madiwani huwasilisha humo taarifa za kata. Robo ikipita, mwulizeni diwani kwenye mkutano wa hadhara, karatasi ikiwa mkononi mwenu: azimio letu la tarehe fulani liko ukurasa gani wa taarifa yako?