Midrenji Haifichi Mkono: Dhana Potofu Kuhusu Kuirusha kwa Foahendi

Katika gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi kwenye kikapu, midrenji ni diski ya masafa ya kati. Kipenyo chake ni kama sentimita 21 na nusu, uzito wake mara nyingi ni gramu 165 hadi 180, na namba ya kasi iliyochapwa juu yake huwa 4 au 5. Ukingo wake una upana wa kama sentimita 1.2 hadi 1.4, ilhali ule wa draiva ya kasi, yaani diski ya masafa marefu, hufika sentimita 2 na zaidi. Foahendi ni mrusho wa pembeni, kiganja kikitazama juu, mkono ukipita upande uleule uliobeba diski. Maelezo yote hapa ni ya mtu wa mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze pande.

Wengi huanza foahendi kwa draiva. Siku wanaposhika midrenji, inawageukia kushoto na kujibwaga chini kabla ya mita 30, na hapo ndipo lawama inapoanza kuiendea diski.

Dhana: Midrenji haifai kwa foahendi

Inafaa sana. Ila inasema ukweli ambao draiva hukuficha.

Foahendi ya mkono wa kulia huifanya diski izunguke kinyume cha mshale wa saa, ukiitazama kwa juu. Ikiwa bado na kasi huelekea kugeuka kushoto. Kasi ikipungua hukata kulia. Diski ikitoka mkononi ikitikisika, mtikisiko huo huzidisha mgeuko wa mwanzo. Draiva sugu, yaani ile inayopenda kukata kulia kwa nguvu, humeza kosa: inayumba kidogo, inajirekebisha, inamalizia kulia, na mrushaji anaamini mkono wake umenyooka. Midrenji kama Buzzz ya Discraft, ambayo namba zake ni 5, 4, -1 na 1 (kasi, kuelea, kugeuka, kukata), haina akiba ya kusamehe kiasi hicho. Ukitikisa, inalala kushoto na hairudi.

Kwa hiyo kabla ya kununua diski sugu zaidi, pima mtikisiko. Rusha mita 20 tu kwa nusu ya nguvu, mwenzako asimame pembeni na kutazama ukingo wa diski. Kama uso wa juu unaonekana na kupotea kwa zamu, una mtikisiko. Chanzo huwa kimojawapo kati ya vitatu: mshiko umelegea, hasa kidole gumba; bapa la diski halikulingana na bapa la kigasha wakati wa kuachia; au bega limesukuma mwishoni baada ya mkono kukamilisha kazi yake. Hicho cha pili ndicho kinachowasumbua wengi. Mtu hushusha kigasha kuelekea chini huku akiilazimisha diski ikae sawa na ardhi, basi nguvu inakwenda upande mmoja na diski inatazama kwingine. Ukitaka diski itoke ikiwa bapa, hakikisha kigasha na diski vinapita njia moja.

Dhana: Ukigeuza kiganja mwishoni diski inanyooka

Hii ndiyo dhana inayoharibu mirusho mingi kuliko nyingine zote. Mtu anaona diski inakata kulia, anajaribu kuizuia kwa kukunja kifundo na kumalizia kiganja kikitazama chini. Diski inaanza kubiringika hewani papo hapo. Akiongeza nguvu, inabiringika zaidi.

Kiganja kitazame juu tangu unapoanza hadi diski imeshaondoka, na hata sekunde moja baadaye kibaki vivyo hivyo. Vijana wa Dunga, ufukwe wa Kisumu, wanaorusha kijiwe bapa kiruke juu ya maji ya ziwa wanaujua mwendo huu bila kufundishwa: kiwiko kinatangulia karibu na nyonga, kigasha kinafuata, kifundo kinakuja mwisho na kusimama ghafla. Kile kifundo kinachosimama ndicho kinachoipa diski mzunguko. Ni kama kukung'uta maji vidoleni baada ya kunawa. Hakuna anayekung'uta maji kwa kuzungusha mkono mzima hadi begani.

Ukitaka diski isikate kulia sana, badilisha pembe kabla ya kurusha kwa kunyoosha kiwiliwili. Ukitaka isigeuke kushoto, shusha ukingo wa kulia nyuzi 10 hadi 15. Midrenji iliyonyooka, yaani isiyopenda sana kugeuka wala kukata, ikitolewa kwa pembe hiyo na mzunguko wa kutosha, huinuka taratibu, ikakaa bapa, ikaenda moja kwa moja.

Dhana: Vidole vilivyopanuliwa hudhibiti diski vizuri zaidi

Kwa mita 15 au 20, kweli. Kidole cha kati kikiwa kwenye ukuta wa ndani wa ukingo na cha shahada kimenyooshwa chini ya diski kuelekea katikati, diski inatulia mkononi. Lakini mshiko huo hupunguza uhuru wa kifundo kwenda nyuma, na mzunguko unapungua.

Kwa mrusho mrefu, viweke vidole hivyo viwili pamoja. Nyama ya kidole cha kati ibane ukuta wa ndani wa ukingo, cha shahada kikiegemea juu yake au kando yake. Kidole gumba kikandamize juu, karibu na ukingo, kwa nguvu kuliko unavyodhani inahitajika. Cha pete ukikunje ili ubavu wake uguse ukingo kwa nje. Midrenji ina ukingo mwembamba kuliko draiva, kwa hiyo sehemu ya kushika ni ndogo, na kidole gumba kilicholegea huadhibiwa mara moja.

Aliyetoka kwenye frisbi ya timu ana faida ya kifundo chepesi, lakini ajihadhari. Diski ya mchezo ule ni gramu 175 na kipenyo chake ni kama sentimita 27. Inaelea sana na inavumilia ukingo wa mbele ulioinuka. Midrenji haivumilii.

Dhana: Ukiinua ukingo wa mbele diski inafika mbali

Inafika juu. Kisha inasimama, inakata kulia na kuanguka karibu. Kosa hili hutokea mkono unapopita chini ya kiwiko na kuchota kama kijiko.

Dawa yake ipo kwenye uwanja wowote wa mpira. Goli la vipimo kamili lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Simama mita 40 mbele yake, hakikisha hakuna mtu nyuma ya goli, urushe diski ipite chini ya mtambaa panya. Mirusho 20 kila unapofanya mazoezi inatosha. Ikipita juu, ukingo wa mbele umeinuka. Ikitoka nje kushoto, kiganja kimegeuka au diski imetikisika. Ikitoka kulia bila kupanda, umewahi kuachia. Uwanja wa shule ukiwa mfupi, pima kwa hatua. Umbali kamili si muhimu kama kurudia kutoka mahali pamoja.

Dhana: Kukimbia ndiko kunakoleta nguvu

Sehemu kubwa ya nguvu ya foahendi hutoka kwenye uzito kuhama kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, nyonga ikafunguka kabla ya mkono. Hilo linafanyika ukiwa umesimama. Asiyeweza kurusha midrenji ikiwa safi kwa kusimama, mbio zitamwongezea mtikisiko tu. Hatua mbili au tatu za kutembea zinatosha baadaye, hasa kwenye nyasi zilizolowa wakati wa masika, ambapo mguu wa mbele huteleza na diski huondoka mapema.

Dhana: Upepo wa mbele unahitaji nguvu zaidi

Kisumu, alasiri, upepo mara nyingi hutoka ziwani kuja nchi kavu. Ukirusha kuelekea ziwani saa hizo, hewa inayopita juu ya diski inakwenda kasi kuliko diski yenyewe inavyokwenda juu ya ardhi. Kwa diski ni sawa na kurushwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inageuka kushoto zaidi. Ukiongeza nguvu, unaongeza tatizo. Chukua midrenji sugu kama Gator ya Innova (5, 2, 0, 3), irushe chini, kwa nguvu uliyoizoea. Upepo ukiwa mgongoni mambo yanageuka: diski inakata kulia mapema, na ile inayogeuka kwa urahisi ndiyo inayofaa.

Uzito nao unaingia hapa. Diski ya gramu 150 huondoka haraka mkononi lakini upepo huichezea. Ya gramu 170 hadi 178 ni chaguo salama zaidi kwa uwanja wa wazi.

Dhana: Namba za diski hazibadiliki popote uendapo

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama mita 1,850, Eldoret kama mita 2,100. Kwa makadirio ya kawaida ya anga, hewa ya Kisumu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na ya Nakuru kwa karibu asilimia 17. Hewa nyepesi hupunguza kuelea kwa diski na pia hupunguza kugeuka kwake. Midrenji iliyonyooka kabisa Kisumu itaanza kukata kulia mapema ukiipeleka Nakuru, na Eldoret zaidi. Wengi hapo hudhani foahendi yao imeharibika, wanaanza kugeuza kiganja, na kosa lile la kiganja linarudi. Badilisha diski, mkono uache ulivyo.

Diski iliyochakaa ni msaada mkubwa katika hali hii. Plastiki ya bei nafuu ikigongwa kwenye mawe na murram hupoteza usugu wake na kuanza kugeuka zaidi. Diski iliyokuwa imekushinda kwenye upepo wa ziwani inaweza kuwa ndiyo iliyonyooka kabisa Nakuru. Mwenye diski mbili au tatu tu asiitupe. Asafishe pia matope yaliyoganda ndani ya ukingo kabla ya kila mrusho. Tope upande mmoja huzaa mtikisiko hata mkono ukiwa safi.

Dhana: Maumivu ya kiwiko ni sehemu ya kujifunza

Hapana. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko yanaashiria kwamba kano za pale zinavutwa kupita kiasi, kwa kawaida kwa sababu kiwiko kimeachana mno na mwili, au umerusha kwa nguvu zote bila kupasha misuli moto. Anza na mirusho 10 hadi 15 myepesi ya mita 15 hadi 25, kisha panda polepole. Maumivu yakija katikati ya mazoezi, acha foahendi siku hiyo, urushe bakihendi (mrusho unaoanzia upande wa pili wa mwili) ikiwa haiumizi. Yakibaki siku kadhaa, muone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya kushika diski tena.