Je, wajua kwa nini alama za taimingi cheni mpya (cheni inayounganisha krankshafti ya chini na kemshafti za juu) zinahama ukishazungusha injini?

Hii kitu inawapa watu presha sana kwenye gereji za hapa Dar, hasa wenye IST na Probox za injini ya 1NZ. Injini imeshushwa, imepigwa ringi mpya, cheni seti ya aftamaketi (isiyo ya kampuni ya gari yenyewe) imenunuliwa Gerezani, fundi kafunga vizuri na pingili zenye rangi zimekaa sawasawa na alama za gia zote tatu, afu anashika bolti ya puli anazungusha kwa spana raundi mbili kuhakikisha, hapo ndo kizaazaa, pingili za rangi ziko kwingine kabisa. Mwenye gari anaanza kusema cheni imeruka au kauziwa feki, na wengine wanalazimisha kazi yote ifunguliwe upya.

Hamna kilichoruka. Krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili, kemshafti (shafti inayofungua valvu) inazunguka mara moja, ndo maana gia za juu zina meno mara mbili ya ile ya chini. Lakini cheni yenyewe ina pingili nyingi kuliko meno ya gia yoyote. Tuchukue namba za mfano tu: gia ya kemshafti meno 36, cheni pingili 124. Ukipiga raundi mbili za puli cheni imesogea pingili 36, bado 88 ndo irudi ilipoanzia! Ili rangi na alama za gia zikutane tena zote kwa pamoja inabidi kemshafti izunguke mara 31, yaani puli raundi 62.

Kwa hiyo zile rangi kazi yake ni siku ya kufunga tu. Baada ya hapo unaangalia gia: pistoni namba 1 iko juu kabisa, na alama za gia za kemshafti zimerudi pale pale zilipokuwa. Zikirudi, taimingi iko sawa.

Sasa kwenye seti za aftamaketi mimi nasisitiza kitu kimoja, usiamini rangi kabla hujahesabu. Osha cheni ya zamani, ilaze pembeni ya mpya, hesabu pingili zote kisha hesabu kutoka rangi moja hadi nyingine, na meno ya gia pia. Isipolingana rudisha dukani hapo hapo. Utaona ya zamani imerefuka kidogo ukizinyoosha pamoja, hiyo ni kawaida, vipini vyake vinalika kidogo kidogo kama cheni ya bodaboda, na ndo maana gia na gaidi za plastiki zinazoongoza cheni unabadilisha pamoja, maana cheni mpya kwenye meno yaliyolika inakufa mapema.

Tenshena, yaani kile kinachokaza cheni, nayo wengi wanaisahau. Nyingi zinasukumwa na presha ya oili, zinakuja zimebanwa na kipini, kichomoe ukishafunga ndo uzungushe, tena kwa upande injini inaozunguka siku zote, usirudishe nyuma, maana ulegevu wa cheni unahamia upande usio na tenshena na hapo kweli inaweza kuruka jino. Ukisikia imegoma kuzunguka acha usilazimishe, inawezekana valvu imegusa pistoni, na kwa mkono bado hujaharibu kitu ila kwa stata utapinda valvu.

Na jino moja sio dogo jamani. Kwenye gia ya meno 36 ni nyuzi 10 za kemshafti, sawa na 20 za krankshafti. Gari inaweza kuwaka lakini inakosa nguvu, injini inatetemeka gari ikiwa imesimama, taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia inasoma P0016, yaani krankshafti na kemshafti hazilingani, na watu wanakimbilia kubadilisha sensa wakati inabidi kava ya mbele ifunguliwe.