Plagi nne za rota mbili: kwa nini koili za T hazishiki waya mmoja

Wengi wanaofunga kompyuta mpya ya injini kwenye Mazda 13B, injini yenye rota mbili za pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni, hudhani hivi: ikiwa plagi mbili za L (leading, za kutangulia) zinaweza kupiga cheche pamoja, basi hata zile za T (trailing, za kufuatia) zinaweza. Hoja inavutia, maana inaokoa waya. Lakini si kweli.

Kila rota ina plagi mbili, L chini na T juu. Rota zenyewe zimepishana nyuzi 180 za shafti, na kila moja huwaka mara moja katika kila mzunguko wa shafti. Rota ya kwanza inapowaka, plagi ya L ya rota ya pili inatazama moshi ulioungua tayari, hivyo cheche ya ziada hupotea bure. Ndiyo maana Mazda wenyewe waliunganisha L mbili kwenye koili moja katika gari lao la RX-7 la kizazi cha pili.

Plagi ya T iko upande wa juu. Wakati huohuo ncha ya rota imeshaipita, nayo inatazama chumba kinachofuata, chenye mchanganyiko mbichi unaobanwa. Cheche hapo ni kuwasha mapema mno, na sili za ncha (vipande vinavyoziba kwenye ncha za rota) hazina huruma na mzaha huo.

Kwa hiyo T1 na T2 zipewe kila moja koili na waya wake kutoka kwenye kompyuta. Na kabla ya kuwasha chochote, hakikisha kama koili zako zina igniter (swichi ya kielektroniki inayowasha na kukata umeme wa koili) ndani. Zisipokuwa nayo, usiziunganishe moja kwa moja na kompyuta.