Je, wajua kwa nini kuku wengine wanatoka kwa yai na shingo tupu?

Ukizunguka soko la Burma pale Jogoo Road, Nairobi, kwa wale wanauza kuku wa kienyeji, hukosi kumwona mmoja amekaa kama kinyozi alimwanza akakatiza kazi, mwili uko na manyoya sawa kabisa lakini shingo ni ngozi nyekundu tupu. Kuna wateja wanamruka wakidhani ni mgonjwa, wengine wanasema amedonolewa na wenzake, na hutakosa mmoja wa kukuapia kwamba babake alikuwa bata mzinga. Zote ni porojo. Huyo ni kuku kamili, anaitwa kishingo, na alianguliwa hivyo hivyo, hata kifaranga wa siku moja unaona shingo iko wazi.

Kinacholeta hiyo ni jeni moja tu. Kuku anapata nakala moja ya hiyo jeni kwa jogoo na nyingine kwa mama, na hii ya shingo tupu haijui kujificha, ikiwa moja tu inaonekana. Mwenye nakala moja anabaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo, karibu na kifua. Mwenye mbili hana kishada, au anabaki na vinyoya vichache tu, shingo tupu kabisa. Kwa hivyo ukitaka kufuga, angalia hicho kishada kabla hujatoa pesa: jogoo asiye nacho ukimpandisha kwa kuku wa kawaida vifaranga wote watakuwa kishingo, lakini mwenye kishada atakupa kama nusu hivi, na ukiweka wenye kishada wawili pamoja tarajia robo ya vifaranga kutoka na shingo za kawaida, hapo usianze kushuku jogoo wa jirani.

Sasa mbona shingo tu, si mgongo? Hili swali ndilo tamu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwenye taasisi ya Roslin, wale wale walionakili kondoo Dolly, waligundua kwamba kipande cha DNA kutoka kromosomu ya 1 (kromosomu ni zile nyuzi zinazobeba jeni) kilijipachika kwa kromosomu ya 3, karibu na jeni inaitwa BMP12. Jeni yenyewe haikuharibika, ila inafanya kazi kupita kiasi, kifaranga akiwa bado ndani ya yai ngozi yake inatengeneza protini ya BMP12 nyingi sana, na hiyo protini inazuia manyoya kuanza kuota. Lakini ngozi ya shingo ina kitu cha ziada, inatengeneza asidi ya retinoiki, jamaa wa vitamini A, ambayo inaifanya isikie hiyo protini haraka kuliko ngozi ya mwili. Dozi ambayo mgongo unaivumilia, shingo inalemewa. Na walijaribu, wakachukua viinitete vya kuku wa kawaida wasio na hiyo jeni wakaviongezea BMP12, shingo zikakosa manyoya. Kumbe shingo ya kila kuku iko karibu kuwa tupu, inangoja tu dozi ipande.

Mwili nao hauponi kabisa, nakala moja inapunguza manyoya kama asilimia 20 hivi na mbili kama 40. Ndio maana kishingo anavumilia jua, joto la mwili linatoka nje kupitia shingo, na chakula ambacho kingeenda kutengeneza manyoya kinaenda kwa nyama. Mimi ningekuwa Garissa au Mombasa ningefuga hawa bila kufikiria mara mbili. Huku kwetu Nairobi, na zaidi kule Limuru ile baridi ya Julai, utalazimika kuwaongezea vifaranga joto kwa bruda. Kwa mama wa jikoni raha ni moja, ukishammwagia maji moto kunyonyoa ni dakika kidogo tu.