Je, wajua kwa nini sufuria kuukuu hupendeza ikichorwa?

Sufuria ya alumini iliyofuliwa na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, yenye masizi kitakoni na mbonyeo ubavuni, hakuna anayeitazama jikoni. Jicho likishatambua kwamba hii ni sufuria, linahamia kwingine. Mchoraji hana njia hiyo ya mkato. Mwitalia Giorgio Morandi (1890–1964) alichora chupa na mabakuli yaleyale miaka nenda miaka rudi, na hayakumwishia.

Anza na mdomo. Ni duara, lakini ukiketi hatua mbili kutoka mezani unaona duaradufu, yaani duara lililobanwa. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, upime kwa penseli upana wake dhidi ya kimo chake. Chora mstari mwepesi wima katikati ili pande zilingane. Kitako kiko chini zaidi ya jicho lako, kwa hiyo mkunjo wake ni wa mviringo zaidi kuliko wa mdomo. Hapa wengi huharibu: wanajua meza ni bapa, basi wanakichora kwa mstari ulionyooka, na sufuria inaonekana imekatwa kwa msumeno. Wengine huchonga ncha kwenye pembe za duaradufu, ilhali haina ncha hata moja. Na ule ukingo bapa wa mdomo? Mpana kushoto na kulia, mwembamba mbele na nyuma.

Mwanga wa Nairobi una masharti yake. Saa sita na nusu mchana jua liko karibu utosini, na kivuli hujikunyata chini ya chombo. Afadhali saa mbili asubuhi, dirisha la mashariki: kivuli huwa kirefu kuliko kimo cha sufuria mara mbili na zaidi. Kiwekee alama mapema, kwani jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Ukikifukuza, utafuta mpaka karatasi itoboke.

Penseli ya HB inatosha kwa mistari, 2B iliyo laini zaidi kwa vivuli, 6B iliyo nyeusi zaidi kwa masizi. Mng'ao wa alumini hauchorwi. Ni karatasi iliyoachwa nyeupe, na weusi ukiegemea kando yake. Anayeogopa weusi na kusugua kote kwa kidole hupata sufuria ya simenti.

Mbonyeo usiuache, ndio utamu wenyewe. Mwanga ukitoka kushoto, ukingo wake wa kushoto huwa na giza, wa kulia hung'aa. Ukigeuza, umechora uvimbe.