Kioo cheusi si ushahidi wa diski mbovu

Jijini Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Nyegezi, wengi huamini kwamba kompyuta ya mezani inayowaka taa na kuzungusha feni huku kioo kikibaki cheusi imeharibika diski au inahitaji kuwekewa Windows upya. Imani hiyo si sahihi, na inasikitisha kuona wenye steshenari ndogo wakinunua diski wasiyoihitaji.

Kompyuta inapowashwa, programu iliyomo kwenye ubao mama (bamba kuu linalounganisha sehemu zote) hukagua kwanza prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kadi ya picha, kisha ndipo huitafuta diski. Kwa hiyo hata kompyuta isiyo na diski kabisa huonyesha nembo ya mtengenezaji au ujumbe kwamba diski haikupatikana. Asiyeona chochote kati ya hivyo, baada ya kuhakikisha kwamba monita ina umeme na waya wake umekaza, aanze na RAM.

Achomoe waya ukutani (hatua hii isirukwe kamwe), abonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, aguse chuma cha kasha, kisha atoe vipande vya RAM na kusugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, kwa kuwa uchafu na kutu nyepesi huzuia mguso. Ajaribu kipande kimoja kimoja, akikikandamiza kwenye nafasi yake hadi vibanio vijifunge.

Nembo ikitokea kisha kompyuta ikakwama hapo, ndipo diski inapostahili kushukiwa.