Datsun 240Z ikigoma kuingia gia: yasemwayo gereji na ukweli wake

Mwenye 240Z akilalamika kwamba gia zimekuwa ngumu, hukumu ya gereji huwa imeshaandikwa: "Giaboksi imekufa, tuishushe." Gari lenyewe lilitengenezwa kati ya 1969 na 1973, spea zake ni za kuwinda, na giaboksi iliyoshushwa bila sababu huweza kurudi na bolti pungufu na ugonjwa uleule.

Kabla ya kushika jeki, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote mpaka rivasi. Meno yakikutana uso kwa uso gia itagoma kidogo; sukuma gari inchi mbili ujaribu tena. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikigoma ikiwaka, basi giaboksi huenda haina kesi yoyote. Klachi ndiyo haiachii. Hakikisha hivi: washa, weka frii, acha injini silensa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole hadi tano, kisha tia rivasi. Rivasi ya gari hili haina sinkro, yaani pete za kulinganisha mizunguko, kwa hiyo haimfichii mtu siri. Ikikwaruza, shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini wakati ilitakiwa iwe imesimama.

"Lakini klachi niliweka mpya mwezi uliopita." Hapo ndipo mimi huanza kuishuku zaidi. Beringi ya klachi ya 240Z hukaa kwenye kola, na kola hizo zina vimo tofauti kulingana na presha pleti, lile bamba linalobana klachi. Ukinunua presha pleti ya toleo jingine ukarudisha kola ya zamani, kila kitu kitafunga vizuri, bolti zote zitaingia, na bado klachi haitaachia. Kola ikiwa fupi, uma wa klachi unamaliza mwendo wake kabla kazi haijaisha. Ndiyo maana fundi makini huzipima presha pleti na kola, za zamani na mpya, zikiwa juu ya meza, kabla giaboksi haijarudi juu.

Kama klachi haijaguswa, ingia chini ya gari, mwenzako akanyage pedali, wewe tazama kifimbo cha silinda ya chini, ile wengi huiita slevu. Kinatakiwa kutembea zaidi ya sentimeta moja, na kitulie hapohapo pedali ikiwa imeshikiliwa. Kikianza kurudi taratibu na hakuna tone linalodondoka, tazama raba za ndani ya masta, silinda ya juu inayosukumwa na pedali: fluidi inapenya pembeni na kurudi chupani. Kwa hiyo chupa haipungui, na mwenye gari ataapa kwamba hakuna kinachovuja. Funua pia raba ya vumbi ya slevu. Ukikuta majimaji meusi, mwizi umemshika.

"Piga pampu mara tatu, itaingia." Itaingia kweli, na watu wameendesha miaka kwa mtindo huo. Lakini pampu hiyo inakwambia kuna upepo kwenye mfumo, au raba zimechoka. Toa upepo, weka fluidi mpya.

Kwenye oili ndiko kuna ubishi mkubwa zaidi. Watu huona GL-4 na GL-5, aina mbili za oili ya gia, wakadhani tano ni bora kuliko nne, kama vile namba hizo ni madaraja ya shule. Sivyo. GL-5 imetengenezewa mzigo mzito wa difu, na difu ya 240Z inaipenda. Giaboksi ni habari nyingine. Pete za sinkro kwenye giaboksi nyingi za gari hili ni za shaba ya manjano, na kazi yake ni kukwaruzana kidogo na gia ili mizunguko ilingane kabla meno hayajakutana. Zikiogeshwa oili yenye utelezi uliozidi, zinateleza badala ya kushika; na baadhi ya kemikali za GL-5 hula shaba polepole. Weka GL-4 ya 80W-90. Kopo moja kwa difu na giaboksi ni uvivu tu.

"Hili ni gari la Safari, lilazimishe." Ni kweli 240Z ilishinda Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini yale yalikuwa magari ya kiwanda yenye mafundi wakiyasubiri njiani. Lako lina zaidi ya miaka hamsini. Ukiilazimisha gia, unapinda uma za ndani na kumaliza pete za sinkro, na hapo sasa giaboksi itashushwa kwa haki.

Gia zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, anzia juu. Vua buti ya raba, chomoa pini chini ya mkono wa gia, angalia bushi ndogo za plastiki. Mara nyingi utakuta makombo. Mkono wenye bushi zilizokufa hucheza kama kijiko ndani ya kikombe, na dereva huanza kutafuta ya tatu akaangukia ya kwanza. Bushi mpya na grisi kidogo, nusu saa umemaliza.

Na ya pili ikigoma kwa kilomita mbili za mwanzo, asubuhi ya baridi ya Julai pale Limuru, kisha ikalainika yenyewe, usimpigie fundi. Oili bado ni baridi na nzito. Badilisha gia taratibu mpaka ipate moto.